Sura ya Sita: Aliyekamatwa Usukani Amelewa, na Yanayomngoja

Swali ambalo watu wa kila tabaka, wenye magari na wasio nayo, hawaishi kuwauliza mawakili, makarani wa mahakama na hata jirani aliyestaafu upolisi, ni hili: mtu akikamatwa usiku akiendesha gari hali amelewa, hufanywa nini tangu saa ile mpaka siku daawa yake itakapokwisha? Aghalabu muulizaji si mlevi mwenyewe, ambaye kwa wakati huo hana utulivu wa kuuliza; ni mkewe, au mama yake, au ndugu yake, aliyeamshwa na simu usiku wa manane akaambiwa kwamba mtu wake yuko kituoni, naye kwa fadhaa na kwa kutojua mlango upi unafuata upi hulikimbilia shauri la kwanza analopewa, ambalo mara nyingi ndilo baya kuliko yote.

Katika sura hii tutafuata sheria na desturi za Kenya, na ili maneno yasibaki hewani tutaandamana na mtu mmoja wa kubuni, tutakayemwita Fulani, ambaye Ijumaa usiku aliondoka Mtwapa baada ya kunywa na wenzake, akaelekea nyumbani kwake Kisauni, na kabla hajafika akasimamishwa na askari wa trafiki. Msomaji atakapomfuata Fulani kutoka barabarani hadi kizimbani ataona jambo moja likijitokeza kila mahali: sheria imeweka muda wa kungoja katika kila daraja, na madhara makubwa humpata mtu katika kuutafutia muda huo njia ya mkato.

Kosa lenyewe ni lipi?

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, ambayo katika vitabu vya sheria za Kenya ni Sura ya 403, hakimshtaki mtu kwa kunywa. Dini yaweza kuuharimisha ulevi na jamaa wakaukasirikia, walakini kifungu hiki hakiulizi mtu alikunywa nini wala kwa sababu gani; huuliza kama kileo, au dawa yoyote yenye kulevya, ilikuwa imemtawala hata hawezi kulimiliki gari sawasawa, naye wakati huo alikuwa akiliendesha, au akijaribu kuliendesha, au analo chini ya mamlaka yake barabarani au mahali pengine pa watu wote.

Maneno hayo ya mwisho huwashangaza wengi. Mtu aliyeegesha gari kando ya njia, akainamisha kiti cha dereva akalala, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, hudhani kwamba amejiepusha na lawama kwa kuwa magurudumu hayazunguki. Kumbe anaweza kushtakiwa kwa kuwa na gari mikononi mwake hali amelewa, na itambidi aieleze mahakama kwamba hakuwa na nia wala uwezekano wa kuliendesha kabla ulevi haujamtoka.

Kwa ajili ya kupima, Kanuni za kipima-pumzi za mwaka 2011 ziliweka mipaka mitatu, kila mmoja kwa namna yake ya sampuli:

- mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi;
- miligramu 80 katika mililita 100 za damu;
- miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo.

Alkoholi ni ile dawa iliyomo ndani ya kila kileo, iwe bia, mvinyo, mnazi au chang'aa, ambayo ndiyo hasa yenye kulevya. Na mikrogramu ni sehemu moja katika elfu ya miligramu. Hesabu hizi tatu ni zile zile zinazotumika Uingereza, ambako mpaka wa miligramu 80 uliwekwa na sheria ya mwaka 1967. Katika barabara za Kenya kifaa chenyewe, ambacho watu wamezoea kukiita Alcoblow, kilianza kutisha mwishoni mwa mwaka 2013, na mabishano yakazuka papo hapo, hata mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaona kwamba kanuni zile hazikupatana na sheria iliyozizaa, kwa kuwa kanuni zilitazama kipimo peke yake, ilhali kifungu cha 44 kinataka ithibati kwamba dereva alikuwa hawezi kulimiliki gari. Vipimo vilirejea barabarani baadaye, walakini shauri lile lilifunza kwamba namba ya kifaa huhesabiwa kuwa ushahidi mmojawapo tu, na kwamba maelezo ya askari kuhusu jinsi gari lilivyokwenda, jinsi dereva alivyosimama na jinsi alivyosema, yana uzito wake mbele ya hakimu.

Pumzi inasema nini

Alkoholi huingia damuni kutoka tumboni na kwenye utumbo, damu huipeleka mapafuni, na humo sehemu yake huvukia katika hewa tunayoitoa. Ndiyo maana kifaa kinachopima pumzi chaweza kukisia kilichomo damuni bila ya sindano. Kwa kuwa kinapima hewa ya kutoka ndani, mtu huambiwa apulize kwa nguvu na kwa muda, bila kukatisha. Kileo kilichobaki mdomoni, au dawa ya kusukutulia yenye alkoholi, yaweza kuipandisha hesabu pasi na haki, na kwa sababu hiyo waangalifu husubiri takriban dakika 15 tangu funda la mwisho kabla ya kupima. Ikiwa Fulani alikuwa amekunywa sasa hivi, ni haki yake kulisema jambo hilo na kuomba muda huo upite. Kukataa kabisa kupuliza pasipo udhuru hakumnusuru, maana kanuni zinakuhesabu kukataa huko kuwa ni kosa jingine.

Hapa pana dhana moja potofu yenye kuwapeleka watu wengi kizimbani, nayo ni kwamba kahawa chungu, supu ya pilipili au kuoga maji baridi huondoa ulevi. Ini ndilo liondoalo alkoholi, na ini hufanya kazi kama mashine ya kusaga nafaka, ambayo husaga kwa mwendo wake ule ule hata foleni ya wateja ikifika barabarani. Kwa kadiri ya kati, kila mililita 100 za damu hupungukiwa na miligramu 15 hivi kila saa. Mtu mwenye miligramu 180 saa sita ya usiku, baada ya saa sita za kulala fofofo, ataamka alfajiri akiwa na 90. Amenawa, amepiga mswaki, amevaa nguo za kazini, na bado amepita mpaka wa sheria.

Kwa mukhtasari: usingizi humpa mtu muda, kahawa humpa macho tu, na kinachopimwa ni kile ambacho ini halijakimaliza.

Kando ya barabara: jaribu la kwanza

Kifaa kimekwisha kusoma, na askari amemwambia Fulani kwamba yuko chini ya ulinzi. Katika dakika hizi chache huja jaribu la kwanza, nalo ni kumalizana hapo hapo, ama kwa dereva kutoa noti ndani ya leseni, ama kwa kudokezewa kwamba mambo yanaweza kuzungumzwa. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haimbagui mtoaji na mpokeaji: yeyote kati yao akipatikana na hatia aweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Linganisha na kosa la ulevi usukani, ambalo faini yake haizidi shilingi laki moja wala kifungo chake hakizidi miaka miwili, uone jinsi mtu anavyoweza kutoka katika kosa dogo akaingia katika kosa kubwa kwa kutaka kuokoa usiku mmoja.

Jambo la pili ni ulimi. Ni wajibu wa dereva kutaja jina lake na kuonyesha leseni yake, lakini baada ya hapo Ibara ya 49 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, nayo inamlazimu askari kumweleza, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, haki hiyo ya kunyamaza, na matokeo ya kutonyamaza. Mlevi hupenda kujieleza. Husema amekunywa mbili tu, husema anamjua mkubwa fulani, hutukana kisha akaomba radhi, na kila neno laweza kurudi miezi kadhaa baadaye likiwa limeandikwa katika maelezo ya shahidi.

Kituoni: kitabu cha matukio

Afikapo kituoni, jina la Fulani huandikwa katika kitabu ambacho kila Mkenya hukiita OB, yaani kitabu cha matukio, ambamo kila jambo la kituo huingizwa kwa namba, tarehe na saa. Namba hiyo ndiyo kama jina lake jipya: jamaa akija kuuliza, wakili akipiga simu, au malalamiko yakitokea baadaye, kitakachotafutwa ni namba ya OB. Vitu vyake, yaani simu, fedha, mkanda na ufunguo wa gari, huorodheshwa, naye yafaa aisome orodha au asomewe kabla hajatia sahihi. Gari huweza kuachwa uani mwa kituo. Kama halikuhusika katika ajali, jamaa mwenye leseni, asiyekunywa, anaweza kuomba akabidhiwe.

Haki zake akiwa chini ya ulinzi, kwa mujibu wa Ibara ile ile ya 49, ni pamoja na hizi:

- kuwasiliana na wakili, na pia na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima;
- kutolazimishwa kukiri jambo lolote linaloweza kutumiwa kuwa ushahidi juu yake;
- kuwekwa mbali na watu wanaotumikia vifungo;
- kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya insafu, ila iwapo pana sababu nzito za kuzuia.

Akiteswa, au akinyimwa haki hizi, yeye au jamaa zake wanaweza kulipeleka lalamiko kwa IPOA, ambayo ni mamlaka ya kiraia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011 kuwaangalia polisi. Lalamiko lenye saa, namba ya OB na namba ya askari husikilizwa upesi kuliko lile lenye ghadhabu peke yake.

Hatari ya ndani ya seli

Jambo ambalo wenye kujishughulisha na dhamana husahau ni uhai wa mtu mwenyewe. Mlevi aliyelala chali huweza kutapika akapaliwa na matapishi yake, na kwa kuwa anakoroma walio karibu hudhani amelala salama. Tena si kila anayepepesuka amelewa: mtu mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka mno hutokwa na jasho, hubabaika maneno, hukasirika bila sababu na hata kuzimia, na hali hiyo hufanana na ulevi kiasi cha kuwahadaa wengi. Aliyepigwa kichwa katika ajali huweza kuonekana hivyo hivyo. Na mnywaji wa kila siku, anapokatizwa kileo ghafula, huweza baada ya saa kadhaa kutetemeka na kushikwa na kifafa.

Kwa hiyo jamaa wa Fulani anapopigiwa simu, swali lake la kwanza lisiwe la fedha. Na aulize kama mtu wake anaamka akiitwa, kama ameumia, na awaeleze maofisa maradhi aliyo nayo na dawa anazotumia, akiomba maelezo hayo yaandikwe katika OB. Kisha ndipo ajitayarishe kwenda, akichukua:

- kitambulisho chake mwenyewe, kwa kuwa mdhamini asiye na kitambulisho hapokewi;
- dawa za mgonjwa, zikiwa katika pakiti zake zenye maandishi;
- dereva mwenye leseni, aliye na akili timamu, wa kulirudisha gari;
- fedha za dhamana, pamoja na subira ya kungoja stakabadhi.

Saa 24, na usiku wa Ijumaa

Katiba yasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isipite saa 24. Lakini muda huo ukiishia nje ya saa za kazi za mahakama, au siku ambayo mahakama haiketi, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Fulani alikamatwa Ijumaa saa tano ya usiku. Saa 24 zake zinaishia Jumamosi usiku, wakati milango ya mahakama imefungwa, na kwa hiyo yaweza kuwa Jumatatu kabla hajamwona hakimu. Sikukuu ya Iddi au ya taifa ikiangukia Jumatatu, ngoja yake huongezeka. Hapana uvunjaji wa sheria hapo, na jamaa anayekwenda kituoni Jumapili akipiga kelele kwamba saa 24 zimepita hujichosha bure. Lililo sawa kudai ni dhamana ya polisi, ambayo haina haja ya kungoja mahakama ifunguliwe.

Dhamana si faini

Dhamana ni ahadi, yenye fedha au yenye mdhamini, kwamba mtuhumiwa atahudhuria siku aliyoambiwa. Faini ni adhabu, itolewayo na mahakama baada ya mtu kupatikana na hatia. Kuyachanganya mambo haya mawili kumewatia watu wengi matatani, kwa sababu mtu hulipa fedha kituoni Jumamosi asubuhi, hufunguliwa seli, huenda zake akidhani daawa imekwisha, na Jumatatu jina lake linapoitwa mahakamani pasiwe na wa kuitika. Hapo hakimu huweza kutoa hati ya kumkamata, na fedha zile zikapotea.

Dhamana ya polisi hutolewa na mkuu wa kituo au ofisa aliye zamu; dhamana ya mahakama hutolewa na hakimu baada ya mashtaka kusomwa. Katika zote mbili, fedha iliyowekwa hurudishwa shauri likimalizika, maadam mshtakiwa alihudhuria kila alipoitwa, na awe ameshinda au ameshindwa. Yafuata basi kwamba stakabadhi ni mali: fedha iliyotolewa bila stakabadhi haina wa kuirudisha, na mtu aambiwaye kwamba dhamana haina karatasi ajue kwamba analoombwa si dhamana.

Kwa mukhtasari: dhamana humfungulia mtu seli na daawa ikabaki pale pale, na tarehe iliyoandikwa katika karatasi ya dhamana ni amri.

Mbele ya hakimu

Fulani amefika mahakamani, nayo ni mahakama ya hakimu, aghalabu ile iliyo karibu na mahali alipokamatwa; kwa aliyeshikwa njia ya Mtwapa huenda ikawa Shanzu. Asubuhi ya Jumatatu ukumbi hujaa waliokusanywa tangu Ijumaa, na kila shauri hupewa dakika chache, hata mgeni hudhani kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa na kilichobaki ni kutia muhuri. Dhana hii ndiyo iletayo jaribu kubwa kuliko yote, kwa sababu mahabusu mwenzake atakuwa amekwisha kumnong'oneza kwamba akubali tu, alipe, arudi kazini kabla ya adhuhuri.

Na autafakari utaratibu ulivyo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka hatua ambazo hakimu hana budi kuzifuata kabla ya kumtia mtu hatiani kwa kukiri kwake, na mahakama za Kenya zinazifuata hata leo:

1. Mashtaka na kila sehemu ya kosa hufafanuliwa kwa mshtakiwa, kwa lugha anayoielewa. Pakihitajika mkalimani, ataletwa.
2. Jibu lake huandikwa kwa maneno yake mwenyewe, kadiri iwezekanavyo.
3. Akiwa amekubali, mwendesha mashtaka, yaani anayesimama kwa niaba ya Jamhuri, hueleza mambo yalivyokuwa.
4. Mshtakiwa huulizwa kama anayakubali maelezo hayo, au ana la kuyapinga au la kuongeza.
5. Akiyapinga, au akisema neno lenye kuonyesha kwamba hakukubali kikweli, jibu hubadilishwa likaandikwa kuwa amekana.

Kwa hiyo Fulani akisema, "Nakubali, lakini gari lilikuwa limesimama na ufunguo alikuwa nao mwenzangu," hakimu mwangalifu hataandika kwamba amekubali. Jambo la kuhadhari ni kwamba aliyekubali mashtaka na akahukumiwa hawezi kukata rufaa kupinga hatia. Hubakiwa na rufaa juu ya ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Anaweza badala yake kukana, akaomba dhamana, akapewa nakala za maelezo ya mashahidi na ya kipimo, akamwona wakili, na tarehe ya kusikilizwa ikapangwa. Na akiona baada ya kuusoma ushahidi kwamba umemwelemea, hakuna kinachomzuia kubadilisha jibu lake. Asiyekuwa na hakika hana hasara kuomba siku chache za kutafuta ushauri. Aliye na hakika kwamba alifanya kosa, na ushahidi anaujua, kukiri mapema ni heshima kwa mahakama, na mahakimu hulitia jambo hilo katika mizani.

Hukumu

Akipatikana na hatia chini ya kifungu cha 44, adhabu ya juu kabisa ni faini ya shilingi 100,000, au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Kabla ya kuamua, hakimu humpa mshtakiwa nafasi ya kujitetea apunguziwe adhabu, na hapa maneno machache ya kweli hufaa kuliko hotuba: kwamba ni kosa la kwanza, kwamba hapana aliyeumia, kwamba amekwisha kutafuta msaada wa kuacha pombe kama ndiyo hali yake, kwamba wako wanaomtegemea. Hakimu aweza kuagiza ripoti ya ofisa wa probesheni, yaani ofisa anayechunguza maisha ya mtu na kumwangalia akiwa nje ya gereza, na aweza pia kumpa mtu kazi za kuitumikia jamii badala ya kumfunga.

Faini isipolipwa hugeuka kifungo cha badala, na ndiyo sababu jamaa hukaa ukumbini na fedha tayari. Asiyeziweza mara moja aweza kuomba muhula wa kulipa. Asiyeridhika na hukumu ana siku 14 za kukata rufaa katika Mahakama Kuu, na siku hizo zahesabiwa tangu hukumu ilipotolewa.

Ikiwa ulevi uliambatana na msiba, hesabu hubadilika kabisa. Kifungu cha 46 cha sheria ile ile kinamhusu aliyesababisha kifo kwa kuendesha ovyo au kwa namna ya kuhatarisha watu, na kifungo chake hufika miaka 10. Msomaji aliyefikwa na hilo asitegemee sura ya kitabu. Amtafute wakili siku ile ile.

Yasiyoandikwa katika hati ya mashtaka

Wahenga walisema mchuma janga hula na wakwao, na katika kosa hili maneno hayo yana ushahidi wa hesabu. Hati nyingi za bima kubwa, ile inayolinda hata gari la mwenyewe, zina sharti la kutolipa hasara iliyotokea dereva akiwa amelewa. Gari lililogonga mti njiani laweza kubaki mzigo wa mwenyewe na mkopo wa benki ukiendelea. Bima ya watu wengine, ambayo ni ya lazima, inakusudiwa kumfaa aliyegongwa, lakini kampuni iliyomlipa huweza kumgeukia dereva iidai fedha yake. Mwenye kuajiriwa kuendesha, awe wa matatu, wa lori la mizigo la kwenda bara au wa gari la watalii, hukosa leseni na riziki kwa siku moja. Na rekodi ya hatia huweza kuonekana pale mwajiri mpya anapodai cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi.

Kwa msomaji wa upande wa Horohoro

Avukaye mpaka wa Lungalunga akaingia Horohoro, upande wa Tanzania, ataikuta mifupa ile ile yenye nyama tofauti kidogo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo inatumia mpaka wa miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Dhamana iko ya polisi na iko ya mahakama. Na saa 24 ndicho kipimo cha kumweka mtu kituoni. Viwango vya adhabu na majina ya hati ni vya nchi hiyo, kwa hiyo asitegemee hesabu za Nairobi akiwa Tanga.

Miezi kumi na miwili

Tumelibakisha la mwisho kwa makusudi, kwa kuwa ndilo linalodharauliwa zaidi. Kifungu cha 44 kinaamuru kwamba aliyetiwa hatiani apoteze haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12, tangu siku ya hukumu au tangu siku atakapotoka gerezani, ile iliyo ya baadaye, na mahakama inaweza kuuongeza muda huo. Faini hulipwa ikasahaulika. Miezi hii haina wa kumlipia. Fulani, aliyekwisha kungoja seli, akangoja dhamana, akangoja tarehe, huona kwamba hapa amengoja vya kutosha, na kwa kuwa gari liko mlangoni na duka ni mwendo wa dakika tano, huushika usukani tena.

Na akumbuke kwamba muda wote ule wa kungoja uliotangulia uliwekwa kwa faida yake: asihukumiwe kwa ghadhabu ya usiku, asikiri asichokielewa, asikae seli bila sababu. Muda huu mmoja umewekwa kwa faida ya watu ambao jina lake hawalijui, wanaovuka barabara ya Kisauni kwa miguu, na ambao hapana mahakama iliyowauliza kama wako radhi kukutana naye. Mtu aliyezidai haki zake zote mbele ya hakimu hana udhuru wa kuwanyima hao haki yao. Akikamatwa akiendesha kabla muda haujakwisha, anaanza upya kwa kosa jingine, kwa namba nyingine ya OB, na mbele ya hakimu atakayekuwa na faili lake la kwanza mezani.